Kiboko Hatoi Nailoni

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa lango, nyuma ya lango maji, mbele ya lango wenye kiu.

Basi sogeeni, ila aliyekalia kanga yangu anyanyuke kwanza.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwepo, jua liliwaka hata mito ikakauka. Kikabaki kisima kimoja. Bwana Kiboko akakizungushia ukuta, akaweka lango la chuma. Lango lenyewe halina ufunguo. Linafunguliwa kwenye tovuti, kwa nenosiri. Programu yake aliinunua kwa Nyani, fundi wa kompyuta.

Mwenye kiu sharti alete kapu la nyasi. Swala akaleta kapu. Lango kriii, akanywa funda moja, lango ka! Punda milia akaleta kapu. Kriii, funda moja, ka! Kiboko akatafuna, mwaa mwaa mwaa, tumbo likazidi kuwa tumbo.

Akaja Nguchiro, mama wa watoto watatu. Nguchiro mwenyewe anaenea ndani ya kapu na nafasi inabaki. Atalibebaje?

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Wanangu hawajanywa tangu juzi. Naomba hata kifuu kimoja."

"Marahaba. Kapu liko wapi?"

"Sina nguvu za kapu."

"Basi na kiu huna." Ka!

Nguchiro aliumia, aliumia sana; uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kabla hajageuka akatupa jicho barazani. Akaiona kompyuta ya Kiboko, bado imevikwa nailoni ya dukani. Hata kiti alichokalia kilikuwa na nailoni, kila akijigeuza kinalia kwaru kwaru.

Akakimbia kwa Nyani na mayai mawili. "Fundi, nataka lango kama la Kiboko, ila dogo, la shimo langu."

"Lipo. Nenosiri la kuanzia ni karibu moja mbili tatu. Programu zangu zote hutoka na hilohilo. Ukifika nyumbani, kabla hujakaa, weka la kwako."

"Na Kiboko ulimwambia?"

"Mara tatu. Akanijibu kitu kipya hakichokonolewi, kitachakaa."

Nguchiro akacheka hadi mkia ukatikisika. Mtu hajatoa nailoni, ndiyo abadili nenosiri?

Akarudi kwa wanawe, akashika simu, akafungua tovuti ya Kiboko. Tuk tuk tuk, karibu moja mbili tatu. Watoto wanamtazama. Kule kisimani lango likalia kriiiii, likaachama. Naye hakungoja. Tuk tuk tuk, akaweka nenosiri jipya, refu, la kwake peke yake.

Wanyama wakamiminika. Swala akanywa, gudu gudu. Punda milia akanywa, gudu gudu. Watoto wa Nguchiro wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma, kisha wakaanza kurushiana maji.

Kiboko akakurupuka, akapiga karibu moja mbili tatu ili alifunge lango. Lango kimya. Akapiga tena. Kimya. Akalisukuma kwa kichwa, lakini alinunua chuma kizuri, halikusogea. Mwisho akamfuata Nguchiro, jasho linamtiririka.

"Dada Nguchiro, nirudishie nenosiri langu."

"Lako lilikuwa la Nyani, Bwana Kiboko. Hili ni langu. Lango litabaki wazi, na wewe utapanga foleni kama sisi."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya wanangu. Ila wao hawana haraka."

Kiboko akapanga foleni, na siku hiyo watu walicheka hadi wakasahau jua.

Hadithi imefika kwake, na mimi nafika kwangu. Mnataka na funzo? Haya. Kitu kipya msikiguse. Nailoni iacheni, nenosiri liacheni, fundi akisema mpuuzeni. Na mvivu msimseme vibaya, wanangu. Kiboko angekuwa na bidii, wale watoto watatu wangekufa kwa kiu.