Kwa Nini Esi Haendi kwa Flor Peke Yake

Hapo zamani, huko ambako Kihispania kilizaliwa, maneno yalikuwa watu wenye nyumba na majiko yao. Wakati huo hapakuwa na kitu chochote zaidi ya kimoja. Meza ilikuwa moja tu, jina lake Mesa. Nyumba ilikuwa moja, jina lake Casa. Kitabu kiliitwa Libro, naye hakuwa na ndugu. Kila mmoja alipika chungu kidogo, akala, akaosha sahani moja, akalala.

Pembeni kabisa mwa kijiji aliishi Flor, yaani ua. Hakukuwa na ua jingine duniani.

Mwaka mmoja akafika mgeni mwembamba, mgongo umepinda huku na huku, sauti yake kama upepo unaopita kwenye majani makavu. Huyo ndiye S, na wenyeji walimwita Esi. Hakuwa na nyumba. Lakini alikuwa na neema moja: nyumba aliyoingia, mwenyeji wake alipata ndugu wa kufanana naye. Aliingia kwa Casa, zikawa casas, nyumba nyingi. Aliingia kwa Libro, vikawa libros. Kijiji kikaanza kuwa na kelele za watu wanaocheka pamoja.

Pale kijijini walikuwa na desturi. Mgeni hupita mlango wa nyuma, mwisho wa neno, na hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huenda zake, wala harudi kupiga hodi tena katika nyumba hiyo maisha yake yote. Casa aliishia na A, na Libro aliishia na O. Hizo ni irabu, na mwenye irabu mwishoni ana mdomo wazi. Kuitikia kwao hakukuwa kazi.

Flor aliposikia habari za Esi alifagia ukumbi na kuazima kikombe cha pili kwa Mesa. Mvua ilikuwa haijanyesha, na kila asubuhi alikuta petali yake moja sakafuni. Alijua kwamba akikauka yeye, basi maua yamekwisha, na watakaozaliwa baadaye hawatajua hata walichokosa.

Esi akaja. "Hodi," akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Flor akakimbilia mlangoni. Lakini yeye aliishia na R, na ulimi wake ulikwama nyuma ya meno. Alitaka kusema karibu. Kikatoka kitu kama paka anayekoroma.

"Hodi." Flor akajaribu tena, machozi yakimlengalenga. Ikatoka ile ile.

"Hodi." Halafu nyayo zikienda mbali. Flor aliketi nyuma ya mlango mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Kisha akakiosha kile kikombe ambacho hakikutumika, akakirudisha.

Kesho yake kisimani Casa alikuwa na ndugu zake wote. "Una maringo, mwenzetu," akamwambia. "Mgeni wa watu amepiga hodi mpaka koo limemkauka, wewe umelala unakoroma." Ndugu zake wakacheka. Flor akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Pale kisimani alikuwapo pia Bi E, irabu mdogo wa umbo, mjane asiyependa kuongea mbele za watu. Aliziona petali njiani, zikimfuata Flor nyuma. Akaenda kumtafuta Esi.

"Shoga, kwa Flor ulifika?"

"Nilifika. Hakunitaka."

"Alikwambia?"

"Hakusema neno. Aliningurumia tu, kama paka."

"Basi huko ndiko kukaribisha kwake," akasema Bi E. "Amefungwa mdomo mwishoni, hana jinsi nyingine. Twende."

"Mimi siwezi kurudi, Bi E. Hodi zangu tatu zimekwisha."

"Zako zimekwisha. Zangu sijapiga hata moja."

Wakaenda. Bi E akatangulia, akapiga hodi, na aliposikia ule mngurumo hakusubiri kingine. Akaingia, akasimama mlangoni nyuma ya R, akageuka nje na mdomo wake ulio wazi. "Karibu, Esi," akasema. Esi akaingia nyuma yake, na bustani nzima ikajaa flores. Flor alikuwa amebakiwa na petali mbili. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akaona uso unaofanana na wake.

Baada ya hapo walitembea pamoja kwa wote waliofungwa midomo. Kwa Pan, yaani mkate, ikawa panes. Kwa Luz, yaani mwanga, walimkuta Z na koti lake la pembe kali. Z aliona haya kuketi nalo karibu na Bi E, akalivua, akavaa C laini, ikawa luces. Walipofika kwa Lunes, siku ya Jumatatu, Esi alichungulia akaona S mwingine amekwisha kaa. Wakapita bila kupiga hodi. Lunes akabaki vile vile, awe mmoja au wengi.

Na tangu siku hiyo, neno la Kihispania linaloishia na irabu humpokea Esi peke yake, lakini lililofungwa kwa konsonanti lazima Bi E atangulie kumfungulia. Esi akiaga, Bi E naye huaga, kwa sababu hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Flor hubaki mmoja tena, na nyumba hunyamaza kama zamani. Ila siku hizi ana vikombe vitatu vyake mwenyewe. Huvipanga vyote mezani hata asipotarajia mgeni, na kile cha katikati, cha yule anayesimama mlangoni, hukiosha kwanza.