Chumba Kilichokataa Mlango

Alitawala katika mji wa Takambe Sultani mmoja, jina lake Tamimu bin Haji, naye alikuwa mtu wa haki kila alipopewa habari kamili, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, kwa kuwa habari zote zilipita kwanza kwa Waziri wake, Sadala. Na katika mji ule palikuwa na mtaa wa majumba ya mawe, yaliyojengwa na mababu kwa matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, na milango yake imenakshiwa maua na aya. Lakini wenyewe walikwisha kufa au kuhama, na popo wakawa ndio wapangaji, na mvua ikaingia bila kubisha hodi.

Ikawa siku moja Sultani akapita mtaani humo, akauona unyonge wake, akaingiwa na simanzi, akatoa amri majumba yale yahuishwe, chini yawe maduka na juu wakae watu na watoto wao, ili mji urudi kuwa mji. Amri ilikuwa njema. Aliyeichora ni Waziri. Aliichora juu ya hariri, na hali hajapata kupanda ngazi ya hata jumba moja katika hayo. Na katika jumba la kwanza, lililokuwa la Mwana Taji, bibi aliyefariki zamani sana, akaagiza ukuta wa nyuma utobolewe mlango mpana wa kutokea njia ya sokoni, ili chumba cha ndani kabisa kiwe duka la vitambaa.

Fundi wa kwanza akautoboa ukuta, na asubuhi akaukuta mzima, jiwe juu ya jiwe, hata utando wa buibui umerudi mahali pake. Akauhama mji. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mzee Mshamu, bingwa wa nakshi za chokaa, naye hakuhama, alitoboa mara saba na ukuta ukajiziba mara saba, ndipo Waziri akamwambia Sultani, "Huyu anaifanyia dhihaka amri yako." Na Sultani, kwa habari aliyopewa, akahukumu Mshamu atiwe gerezani, na jumba lisipokamilika kwa siku arubaini, mkono wake wa kulia ukatwe.

Basi Mshamu alikuwa na binti, Mwanashee, aliyefundishwa kukoroga chokaa kabla ya kufundishwa kusuka ukili. Akajitanda ushungi, akaingia diwani, barazani kwa Sultani, akapiga magoti, akasema:

"Maulana, Mungu akuzidishie umri, na katika umri huo akujaalie kuusikia ukweli. Nipe jumba lile na siku hizo arubaini. Nikilikamilisha, unirudishie baba yangu na mkono wake. Nikishindwa, mikono ya kukatwa itakuwa miwili, wake na wangu."

Waziri akacheka. "Wanaume watatu wameshindwa, sasa tumefika kwenye ushungi?"

"Wanaume watatu waliufuata mchoro wako, Bwana Waziri," akajibu Mwanashee. "Mimi nitaanza kwa kuitazama nyumba."

Watu wa diwani wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja, na Sultani akaridhia.

Mwanashee akaingia jumbani, na kwa siku tatu hakugusa nyundo. Alipima kuta kwa kamba, akagonga boriti kwa kidole na kusikiliza ipi ni nzima na ipi imekuwa unga ndani, akafuata njia ya maji kutoka paani hadi kisimani. Na alasiri ya siku ya tatu akafika chumba cha ndani kabisa, chembamba, kisicho na dirisha, sakafu yake ina mteremko mdogo kuelekea tundu la maji. Akaweka kiganja ukutani, na ukuta ukasema:

"Na wewe umekuja kutoboa?"

Kisha akatoka humo jini, mweupe kwa vumbi la chokaa, kimo chake kimefika darini hata imemlazimu kuinama, na macho yake kama sinia mbili za shaba. Mwanashee akarudi nyuma hatua mbili, lakini akaukumbuka mkono wa babake, akasema, "Asalamu alaikum, babu. Sikuja kutoboa. Nimekuja kuuliza."

"Wa alaikumu salamu," akajibu jini, na sauti yake ikalegea. "Kwa miaka mia mbili ni wewe wa kwanza kunisalimu. Babako alinipiga patasi ya mbavu."

"Msamehe, babu. Hakujua kama ni mbavu."

"Ana mkono mzuri lakini. Mara saba, na zote mahali pamoja." Jini akajipapasa. "Naitwa Barkushi. Mwana Taji alinifunga kwa nguvu ya pete yake nikilinde chumba hiki. Humu ndimo walimojifungulia wanawake wa nyumba hii, na humu ndimo walimooshwa maiti wao, mbali na macho ya wapita njia. Na huyo Waziri wenu anataka watu wapite katikati yake wakibishana bei ya kitambaa. Mlango hautatoboka humu, hata waje mafundi elfu."

Mwanashee akaketi chini, kwa maana alitambua kwamba amri na chumba haviwezi kukaa pamoja, na mkono wa babake umewekwa baina yao.

Barkushi akamwonea huruma. "Sikiliza, binti Adamu. Siku ya arubaini naweza kuyapumbaza macho yao. Watauona mlango, wataona rafu na vitambaa, na kuta zinang'aa kama lulu. Babako atafunguliwa, nanyi mtavuka ng'ambo siku hiyo hiyo. Kisha mazingaombwe yatayeyuka."

"Na boriti zilizooza?"

"Zitabaki zimeoza. Ila zitapendeza."

Mwanashee akakiangalia kiganja chake, kilichobaki na vumbi la ukuta. Aliuona mkono wa babake, na vidole vile vilivyomshika vyake alipochora ua lake la kwanza katika chokaa mbichi. Kisha akauliza, "Na watakaopangishwa juu, babu? Na watoto wao?"

Jini akazitazama boriti.

"Basi sitaki," akasema Mwanashee, naye alikuwa akilia. "Nisaidie kazi ya kweli. Ishikilie dari, nibadilishe boriti."

"Dari yote?"

"Wewe ni jini, au si jini?"

Basi Barkushi akaiinua dari ya jumba kwa kiganja kimoja, akilalamika mgongo, na Athmani mkata boriti akaleta mikoko iliyokauka vizuri, na vibarua wa mzee Mshamu waliposikia wakarudi mmoja mmoja, wakitembea kwa kunyata chini ya kwapa la jini. Wakafukua chokaa ya Mshamu iliyolala shimoni mwaka mzima, wakaponya kuta. Juu wakatengeneza jiko lenye pa kutokea moshi, na choo, na tundu la kuvutia maji ya kisima bila kushuka ngazi. Na duka Mwanashee akaliweka mbele, katika sabule, chumba cha kando ya mlango mkuu ambamo mabwana wa zamani waliwakaribisha wageni wa biashara na kutandaza bidhaa. Maana biashara haikuwa ngeni katika nyumba ile, ila ilikuwa na mahali pake. Chumba cha ndani alikipaka chokaa tu, akakiacha.

Siku ya arubaini Sultani akaja na Waziri na mwenye upanga, na Mshamu akaletwa kwa minyororo, akasimamishwa mlangoni. Sultani akapanda, akashuka, akagonga kuta kwa fimbo, na uso wake ukakunjuka. Waziri akasema, "Maulana, yote mazuri. Mlango wa nyuma uko wapi? Uliamuru mlango."

Mwenye upanga akasogea. Mwanashee akainama, akasema, "Maulana, mlango haupo, na sababu yake si maneno ya hadharani. Nakuomba uingie nami chumba kile, sisi peke yetu. Kisha hukumu."

Wakaingia. Barkushi alikuwa ukutani, akajizuia hata kupumua.

"Maulana," akasema Mwanashee, "siku aliyofariki mama yako, Mungu amrehemu, mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake walioitwa kuteka maji. Kasri yako mpya, aliyoichora Waziri, ina kumbi tisa, na haina chumba kama hiki. Tulimtafutia mahali, tukakosa. Tukamwosha ghalani, baina ya magunia ya mchele, na sisi wengine tukashikilia shuka mlangoni, kwa kuwa wapagazi walikuwa wakipita na vyakula vya matanga. Mara mbili shuka ilituponyoka. Hatukukwambia, Maulana. Nani angekwambia?"

Sultani akaegemea ukuta, na fimbo ikamtoka mkononi. Baadaye sana akauliza, "Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya vuguvugu, Maulana. Jiko lilikuwa mbali."

"Alikuwa hapendi maji ya baridi," akasema Sultani. Na akaufuta uso wake kwa ncha ya kilemba.

Alipotoka akamwambia Waziri, "Mchoro wako una kosa."

"Wapi, Maulana?"

"Wanaoishi humu watakufa. Hilo hukulichora." Kisha akawageukia askari. "Mfungueni mzee. Na nyumba yoyote itakayohuishwa katika mtaa huu, Waziri atambebea fundi karai la chokaa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, apate kujua nyumba ni kitu gani."

Minyororo ikaanguka, na Mwanashee akaubusu mkono wa babake. Mzee akauondoa taratibu, akaupeleka ukutani, akaupitisha juu ya chokaa kutoka mlangoni hadi pembeni, akasimama.

"Hapa ulikuwa na haraka, mwanangu."

"Ndiyo, baba."

"Kesho tutapalainisha."

Baada ya hayo Sultani akamfanya Mwanashee mkuu wa mafundi wote wa Takambe, akamneemesha kwa mali, na kazi yao ya kwanza ikawa kutenga katika kasri chumba cha ndani, kilicho karibu na jiko. Akapeleka na posa. Mwanashee akashukuru kwa taadhima, akasema kumbi tisa zitamshinda kufagia, akaolewa na Athmani, aliyeleta boriti siku aliyoahidi, sifa ambayo wachumba wengi hawana. Na mtaa ukajaa watu, maduka mbele, watoto juu, na ndani kabisa pakabaki kimya.

Basi mwenye kuihuisha nyumba ya kale na aulize kwanza watu walizaliwa wapi humo na waliagwa wapi, ndipo ashike nyundo. Na aliyezoea kupaka rangi juu ya kuoza, karai linamngoja. Nami nimeyaweka haya kama nilivyoyapokea, na ukuta wangu unaishia hapa.