Nzuri, Ila

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu zilikuwepo na mihuri ilikuwepo, palikuwa na mji uliokaliwa na ukungu. Watu nao walikaa humo, lakini kwa kibali. Ukungu ndio uliokuwa mwenyeji. Asubuhi uliingia kwa tundu la ufunguo, ukavuta kiti, ukakaa, na hakuna aliyeuuliza karatasi.

Katika mji huo alifika Mize, binti wa kisiwa cha karafuu, akiwa mjamzito wa miezi saba, pamoja na mumewe Faki, mwoka mikate. Akajifungua mtoto wa kike, mzima wa afya. Hospitali ikampa kofia ya sufu na kijitabu cha kurasa sitini kuhusu furaha ya uzazi, kwa lugha asiyoijua.

Kwao Mize, mzazi haachwi peke yake. Hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufungwa mkaja tumboni, na wanawake huingia na kutoka wakiteta mambo ya watu mpaka mzazi asahau kulia. Mama yake, Bi Mwaka, aliomba aje kumtoa mwanawe arobaini. Ubalozi ukamtaka athibitishe kwamba atarudi kwao. Akasema mikarafuu yake itamshuhudia. Ikaandikwa: mikarafuu haina sahihi. Ombi limekataliwa.

Basi akatuma doti moja ya kanga, imeandikwa NISHIKE MKONO KABLA SIJAOMBA, na agizo juu yake: "Siku ya arobaini umpe aliyekulea uzazi wako. Huyo ndiye somo wa mtoto, na yeye ndiye atakayempa jina." Ndiyo iliyokuwa desturi ya ukoo wao.

Mize akakaa ndani. Mtoto akilia, sauti ilimfikia kutoka mbali, kama ya mtoto wa jirani wa jirani. Alimtazama, akamwona mzuri, akajiambia: "Mwenyewe atakuja kumchukua." Hakulia. Alishangaa tu kwamba mwenyewe amekawia hivyo. Kila asubuhi alizipiga pasi nguo za mtoto, akazifunga kifurushi, akakiweka mlangoni, ili mwenyewe akija asisubirishwe. Jioni akakifungua. Asubuhi akakifunga. Na ukungu ulikaa kitini ukimtazama, na nyuma ya ukungu aliyaona majamvi ya karafuu zilizoanikwa, jamvi baada ya jamvi, yakishuka ngazi taratibu mpaka mtoni.

Sasa wasikilizeni watu watatu.

Wa kwanza ni Faki. Alirudi kutoka kazini asubuhi na unga kwenye nyusi, akampigia simu mkwewe.

"Shikamoo, mama. Mkaja unafungwaje?"

"Marahaba. Faki! Mwanamume hafungi mkaja."

"Huku hakuna mwanamke, mama."

"Basi fumba macho nikueleze."

"Nikifumba macho, mama, nitaifunga meza."

Akaelezwa, macho wazi, aibu kwa wote wawili. Akamkanda mkewe, akampikia uji, akamfunga mkaja. Lakini mikono yake ilizoea magunia ya unga, kwa hiyo alifunga kama gunia: mafundo saba, fundo juu ya fundo. Siku thelathini alimkanda mkewe, na siku thelathini hakumuuliza neno. Aliogopa atajibiwa.

Wa pili ni Karani Orlen, wa Idara ya Ustawi wa Wazazi Wageni, ghorofa ya nne, dirisha la saba. Huyu alikuwa mwenyeji wa mji. Kiswahili alikisoma kitabuni, akafika somo la kumi na mbili, idara ikaona yatosha. Alikuja na fomu ya maswali kumi.

"Hujambo, ewe mama mzazi?"

"Sijambo."

"Habari za usingizi?"

"Nzuri, ila..."

Karani akaandika: nzuri.

"Habari za moyo?"

"Nzuri, ila..."

Karani akaandika: nzuri.

Nyinyi mnajua. Kwetu nzuri ni kubisha hodi. Ila ndiyo kuingia ndani. Mtu husema nzuri hata jeneza likiwa ukumbini, na habari yenyewe huja nyuma ya ila. Lakini ila ilikuwa somo la kumi na tatu. Na fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, nzuri na mbaya, na chini yake onyo: USIANDIKE NJE YA KISANDUKU. Alikuja siku ya kumi. Akaja siku ya ishirini. Siku ya thelathini akagonga muhuri, MAMA ANA FURAHA, akauliza wino umekauka au bado, akaenda zake.

Wa tatu ni Bi Maro, ajuza wa milimani, mgeni naye, ambaye lugha yake hakuna aliyeijua jengo zima. Yeye alikaa ng'ambo ya ukuta. Kila alipokuja karani, alisikia sauti ya yule binti ikisema "ila", kisha kimya. "Ila", kisha kimya. Akadhani ndilo jina lake. Akaja na sufuria ya supu ya kabichi, akagonga mlango: "Ila!" Kesho yake tena: "Ila!" Akamshika mtoto, akamwimbia, akaosha vyombo. Kile kifurushi mlangoni alikiona, akadhani mama na mwana wanasafiri kwenda kwao. Akafurahi kwa ajili yao, akaongezea soksi.

Siku ileile ya thelathini, wino wa muhuri haujakauka vizuri, Bi Maro aliingia, akamwona Mize amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Akamshika kidevu.

"Ila?"

Mize alikuwa amesimama kwenye mlango wa neno hilo siku thelathini. Leo mtu alikuwa ndani anamwita. Akaingia.

"Ila mtoto huyu si wangu, bibi. Nimeshikishwa tu. Kesho nampeleka Ofisi ya Vitu Vilivyookotwa. Kisha mimi nashuka mtoni na ukungu."

Bi Maro hakuelewa hata neno moja. Ila sauti ile aliijua. Milimani nako kuna mito. Dirisha la saba lilikuwa limeshafungwa, kwani dirisha hilo hufungwa saa sita ili makarani wapumzike na usumbufu wa watu. Basi akayachukua maneno yale kama yai kwenye kiganja. Akayatia wimbo asiyapoteze, akayaimba akipika, akayaimba akilala, na asubuhi akayapeleka ofisini, kwa yule karani aliyezoea kusema na binti.

Asubuhi hiyohiyo Faki amelala, unga kwenye nyusi. Mize alimvika mtoto kofia ya sufu, akachukua kifurushi. Akafika mlangoni, akasita. "Nitamrudishaje mtoto wa watu nami nimefungwa mkaja kama mzazi? Watanicheka ofisini." Akakaa ngazini kuufungua. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Vidole vikamuuma. Fundo la tatu halikusikia meno.

Ofisini, Bi Maro alipewa namba, akaambiwa asubiri, makarani wanakunywa chai. Akasubiri akiimba. Alipoitwa akaimba dirishani. Karani Orlen akashika kalamu aandike nzuri, kama kawaida. Akangoja nzuri. Haikuja. Sentensi ilianza na ila. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akafungua somo la kumi na tatu, akasoma: *Ila: baada yake husemwa lililokusudiwa. Pia: dosari.*

Daktari wa nafsi alikuwa chumba cha pili, lakini kwa kanuni hakutoka bila kisanduku kutiwa alama, na kisanduku hakikuwepo. Karani akatazama huku na huku. Akachukua rula, akakichora.

Fundo la nne. Fundo la tano. Fundo la sita lilikuwa linalegea pale ngazi ilipotoa kishindo, watu watatu wakipanda mbio, na wa mbele anaimba.

Daktari alikaa ngazini kando ya Mize, akasema polepole, na karani akatafsiri kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Daktari asema, ewe mama, haya ni maradhi. Yana jina na yana dawa. Si kosa lako. Wala mtoto hatabanduliwa kwako."

Hakupona siku ile. Ukungu haukutoka, ulihama tu, ukakaa kiti cha mbali. Palikuwa na vidonge, palikuwa na mazungumzo, na Faki sasa aliuliza, na akajibiwa, na alilia yeye. Siku ya thelathini na nane mtoto alilia, na sauti haikutoka mbali tena. Ilitoka kinywani mwake, pale pale. Maziwa yakamchuruzika Mize, kanga ikalowa, akasema: "Kumbe ni wewe."

Siku ya arobaini wakafika wote Dirisha la Majina. Sheria ilisema: mtoto asiye na jina ikifika saa tisa huandikwa kwa namba. Mize ameshika doti mkononi. Saa ilikuwa nane na nusu.

Faki akasema: "Mimi nimekulea uzazi, Mize. Nimefanya kazi ya wanawake kumi. Na bila mafundo yangu, hawa wangekuta ngazi tupu."

"Ulinifunga siku thelathini," alisema Mize, "hukuniuliza siku moja."

Bi Maro akaimba ule wimbo, wote, na maana bado haijui. Kisha akaonyesha soksi miguuni mwa mtoto.

"Uliyabeba maneno yangu, bibi," alisema Mize. "Na safari yangu uliifungashia mizigo."

Karani Orlen akavua kofia. Alikuwa amefukuzwa kazi asubuhi hiyo, kwa kosa la kuchora kisanduku bila idhini. "Ewe mama, mimi ndiye niliyeelewa. Nimetoa kazi yangu kwa ajili ya mistari minne."

"Mara tatu nilikuambia, bwana. Mara tatu uliandika nzuri."

"Mpe kila mtu kipande," alisema Faki.

"Doti haikatwi vipande vitatu. Na kisanduku cha jina ni kimoja."

Mwenye dirisha akagonga kioo, akaonyesha saa. Tisa kasoro dakika mbili. Akachovya kalamu. Mtoto akapiga mwayo. Karani Orlen, kwa mazoea tu, akamgeukia Mize, akauliza: "Habari za uamuzi?"

"Nzuri," alisema Mize, "ila..."

Na safari hii hakuna aliyeandika. Wote watatu walinyamaza wakimngoja, na kalamu ikangoja juu ya kisanduku, tone la wino likining'inia.

Haya, mmalizieni sentensi, wino usije ukadondoka. Mmoja alikaa naye bila kuuliza, mmoja alisikia bila kuelewa, mmoja alielewa baada ya kuchelewa. Je, nani alistahili?