Bibi Semeni na Mtani wa Mwisho

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi. Anayenyonyesha anyonyeshe huku akisikiliza.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mganga, Bibi Semeni. Mguu wake mmoja aliuburuza. Ukisikia tu-bururu, tu-bururu, ujue anapita.

Bibi Semeni alitafuta dawa ya kurefusha maisha. Akachemsha gome hili, mzizi ule. Akamnywesha kwanza mbuzi mzee. Mbuzi akaruka uzio! Ndipo akanywa yeye. Dawa ilikuwa chungu kama nyongo, na ilitakiwa inywewe kila mwezi uandamapo, bila kukosa. Wengine walionja, wakatema, ptu! Wengine walisahau. Yeye hakusahau.

Mume akafa. Akanywa. Wanawe wakafa. Akanywa. Wasichana aliochezwa nao unyago wakaisha mmoja mmoja, naye akanywa. Tu-bururu, tu-bururu, msiba hadi msiba.

Kijiji kizima kilimwinamia. "Shikamoo, Bibi." Hata ukoo wa watani wake, wenye ruhusa ya kumtukana hadi msibani, uliuogopa uzee wake. Aliyebaki kumtania ni Mzee Pazi peke yake.

"We kizee, kaburi limekukataa kwa harufu?"

"Limeniambia nisubiri, linapanuliwa kwa ajili ya tumbo lako!"

Siku moja Mzee Pazi akaanguka. Bibi Semeni akamletea kibuyu cha dawa.

"Kunywa, Pazi."

"Sinywi."

"Nakuomba. Ukiondoka, nani atanitukana?"

Mzee Pazi akacheka mpaka akakohoa, kho! kho! "Mimi nimechoka, mtani. Na matangani kwangu utakuja wewe kunicheka. Wewe je, una nani?"

Bibi Semeni akakiziba kibuyu chake.

Mzee Pazi akafa. Siku ya matanga, Bibi Semeni akavaa kofia ya marehemu, akajaza mto tumboni, akakohoa, kho! kho! Waombolezaji wakacheka huku wakilia. Kisha akarudi kwake. Tu-bururu, tu-bururu. Hakuna mlango uliomrushia neno.

Mwezi ukaandama. Akashika kibuyu. Akakaa nacho tu.

Asubuhi akaenda nacho kwa Mwantumu, mjukuu wa Pazi. Alimkuta akinyonyesha.

"Shikamoo, Bibi."

"Usiniamkie. Nitukane."

"Bibi! Naona haya."

"Mtani wangu sasa ni wewe. Nitukane."

Mwantumu akatazama chini. Sauti ikatoka ndogo. "Bibi... huo mguu wako umelima njia nzima. Tupande mihogo?"

Bibi Semeni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwaga dawa yote pale mlangoni, chwaa!

Masika mawili hayakupita, Bibi Semeni akafa. Siku ya matanga yake, Mwantumu alijifunga kanga ya marehemu, mtoto mgongoni, akakatiza uani: tu-bururu, tu-bururu. Watu walicheka, wakalia, wakamwona Bibi Semeni akipita.

Basi, wapenzi, mzee wenu msimwamkie tu mkapita. Kaeni naye, mumjue hata anavyotembea.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye njia iliyolimwa kwa mguu mmoja.