Mchicha wa Siku Arobaini

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, palikuwa na Sultani mmoja mwenye moyo mwema na usingizi mwingi, jina lake Sultani Masudi. Kazi za dola alimwachia waziri wake, Badawi, mtu wa kilemba kikubwa na maneno makubwa kuliko kilemba. Na katika mji huohuo palikuwa na mjane fukara, Bi Siwatu, ambaye watu walisema akili zake zimepungua, kwa kuwa alikuwa akilisema jambo kama lilivyo, mbele ya mtu yeyote.

Kazi ya Bi Siwatu ilikuwa kulea. Alfajiri wanawake waendao shamba humwachia watoto wao, kumi na wawili kwa jumla, wengine hata meno hawajaota, akashinda nao uani hadi jioni. Chakula chao cha mchana, kama cha watoto wa chuo cha Kurani, kilitoka ghala ya Sultani, nacho kilikuwa mchele wa ng'ambo alioleta tajiri mmoja rafiki yake waziri. Mchele wenyewe ulikaa chomboni hata ukafanya utando, na wadudu waliomo walikuwa wengi kuliko punje. Watoto wakiutema, wakikonda. Na huku nyuma ya mji, mihogo ya watu inazeeka ardhini na kunde zinapukutika kwa kukosa mnunuzi!

Ikawa siku moja Sultani akapita chuoni, akashikwa na njaa, akachota tonge katika sinia ya watoto. Akatafuna jiwe. Gego likamvunjika.

"Hiki ndicho wanacholishwa watoto wangu?" akauliza, amejishika shavu. Basi palepale akaamuru fungu litolewe katika hazina, wanunuliwe wakulima wa Kitangani chakula chao, walishwe watoto wa chuo na watoto wa walezi. Mji mzima ukapiga vigelegele. Kisha Sultani akafanya kosa wafanyalo wakubwa wengi: akamwachia waziri kuandika masharti, naye akaenda kulala.

Waziri hakutaka kuukosa mkono wa tajiri wa mchele, uliozoea kumpa bakshishi. Akaandika, akabandika mlangoni pa baraza: "Mkulima atakaye fungu hili alete chakula chake mbele ya baraza. Kikae siku arobaini chini ya macho ya waziri, kiwe amana ya waziri, mwenyewe asikiguse. Siku ya arobaini kiwe kibichi kama siku kilipovunwa. Asipopatikana mkulima kabla ya kuandama mwezi wa Mfunguo Sita, fungu lote litanunua mchele."

Wakulima wakajaribu, masikini. Mzee Faki akaleta mihogo, siku ya tatu ikafanya michirizi myeusi. Akarudi na makopa ya mihogo, waziri akacheka, "Haya ni makavu, mzee wangu. Sharti limesema kibichi." Bi Mize akaleta boga, maana boga huvumilia. Likakaa siku arobaini kamili, halina doa. Waziri akaligeuza, akaligeuza tena, akanena, "Kikonyo chake kimekauka. Siku lilipovunwa kilikuwa hivi?" Bi Mize akajitwika boga lake, akaenda zake analia.

Habari ikamfikia Bi Siwatu uani kwake, siku ambayo mtoto mmoja wa Bi Mize, aitwaye Kheri, alikataa mchele siku ya pili mfululizo, akalala tu mkekani, hana nguvu hata ya kulia. Kuandama kwa mwezi wa Mfunguo Sita kulikuwa kumebakiza siku arobaini na mbili. Bi Siwatu akamtazama Kheri, akatazama chungu cha mchele, hasira zikampanda hata mtandio ukamdondoka.

"Mjinga mimi!" akasema. "Watu wanapeleka mavuno, kumbe walichoombwa ni chakula!"

Majirani wakatazamana. Wakasema, leo akili zake ndiyo zimekwisha kabisa.

Kulipokucha akawaachia watoto jirani yake, akachukua jembe la kuazima, kikapu cha samadi ya mbuzi kichwani na konzi ya mbegu za mchicha katika pindo la kanga, akaenda moja kwa moja mpaka uwanja wa baraza. Hakubisha hodi. Akalima tuta mbele ya kiti cha waziri, akatia samadi, akasia mbegu, akazifukia kwa kiganja. Waziri alipofika, harufu ilimlaki kabla ya askari.

"We mwanamke! Ni nini hiki?"

"Shikamoo, Bwana Waziri. Ni chakula. Nimekileta mbele ya baraza, kama ulivyoandika."

"Hizi ni mbegu, si chakula!"

"Si chakula? Mbona kuku wako hao wanazila?"

Kweli, kuku wawili wa waziri walikuwa wamekwisha kuanza kuchakura. Askari wakauma midomo wasicheke.

"Ng'oa uchafu wako uondoke!"

"Ningeng'oa, bwana wangu, lakini sharti lako linanikataza kugusa. Chakula kikishafika hapa ni amana yako. Kikiliwa na kuku ni juu yako, na kikifa kwa kiu vilevile ni juu yako. Nami sikuona palipoandikwa kwamba kiletwe kimekwisha kuvunwa. Kitakaa siku arobaini, na siku ya arobaini ndiyo siku ya kuvunwa. Hapo utaniambia kama ni kibichi au sicho."

Zogo likamwamsha Sultani. Akatoka na kikoi cha kulalia, gego lililovunjika bado linamsumbua, akasikiliza pande zote mbili. Kisha akauliza, "Badawi, masharti haya aliyaandika nani?"

"Mimi, maulana, lakini..."

"Basi amana ya watoto iko mkononi mwako. Chunga, isife. Ikifa, utawalisha kwa mali yako mwaka mzima."

Ikawa kila asubuhi waziri wa Kitangani anachota maji kisimani, kilemba kimelegea, na kila jioni anafukuza kuku wake mwenyewe kwa fimbo ya heshima. Watu wakawa wanapita makusudi. "Pole na shamba, Bwana Waziri!" wanamwambia. "Palizi lini?" Naye huinama, anang'oa magugu. Bi Siwatu akija kutazama husimama mbali, mikono nyuma, asije akaambiwa amegusa.

Siku ya arobaini mchicha ulikuwa umefika magotini, majani mapana kama viganja. Ukavunwa palepale, Bi Mize akautia nazi, Mzee Faki akachimba muhogo asubuhi ile ile ukachemshwa nao. Sultani akaketi chini na watoto. Kheri akala, akaomba tena, akala, kisha akamshika Sultani ndevu kwa mkono wenye mchuzi. Bi Siwatu akageuza uso, machozi yasionekane.

"Haya," akanena Sultani, "mkulima aliyetimiza sharti tumempata. Fungu ni la Bi Siwatu."

Ndipo waziri akaona mwanya, akaruka. "Maulana, hasha! Huyu hakugusa hata jani. Aliyemwagilia, aliyepalilia, ni mimi. Mkulima ni mimi, na fungu ni langu!"

Watu wakaguna. Sultani akamgeukia Bi Siwatu. "Una neno?"

"Sina, maulana," akajibu. "Amesema kweli, na kweli haipingwi. Mpe fungu. Watoto wa chuo na wa walezi ni mia mbili na themanini, nao hula kila siku. Kwa masharti yake kila chakula kwanza kikae siku arobaini mbele ya baraza. Basi alime tuta la kesho, na la kesho kutwa, na la mtondo, mpaka matuta arobaini, yote ayachotee maji yeye, maana ndiye mkulima. Nami jembe namwachia. Ni la kuazima, alitunze."

Sultani akaanza kucheka taratibu, kisha kicheko kikamzidi hata akashika gego. Waziri akautazama uwanja, akakitazama kisima, akatazama viganja vyake vilivyoota sugu. Akaenda mlangoni, akaibandua karatasi yake kwa kucha, akaichana vipande, akaomba kalamu.

"Niandikeje, Bi Siwatu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Andika hivi: kilichochimbwa asubuhi kiliwe adhuhuri. Basi, tia nukta."

Akaandika, akatia nukta. Na tangu siku hiyo fungu likanunua chakula cha wakulima wa mji, mchele wa ng'ambo ukakosa mlaji Kitangani, na watoto wakanenepa. Mwenye kubisha aende akawabebe mgongoni.