Jirani Mwenye Nusu ya Kisima

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi msuka mikeka mchamungu, Wahbu bin Sinani. Mwenye chumba alichopanga alimtaka ahame kabla ya Ramadhani, na Shaabani ilikuwa inayoyoma.

Wahbu akatafuta nyumba ya kununua, wala hakutaka kutumia dalali. "Tawakuli yangu ni kwa Mola," alisema. Kuhusu nyumba alijua kama tunavyojua sisi tikiti maji: tunaligonga, tunatega sikio, wala hatujui tunasikiliza nini. Akaipata moja karibu na msikiti, adhana ikiingia dirishani, na moyo wake ukahamia kabla ya mikeka.

Mkewe, Rumaisa, akamuuliza, "Baba Safia, jino lilipokuuma hukumwendea mng'oaji?"

"Jino lilikuwa linauma."

"Na nyumba mbaya haiumi?"

Wahbu akaenda kwa Dhakwani dalali, uso umemshuka.

Walipofika kwenye nyumba ile, Dhakwani hakuitazama dari wala dirisha. Alisimama kisimani, akaona kamba mbili. "Hii ya pili ya nani?"

Muuzaji akakohoa. "Ya Bi Hunaida, jirani. Kisima na kiwanja chake ni vya shirika, nusu yake, nusu yangu. Lakini yule ni kikongwe, hatoki nje. Tumalizane tu."

"Basi ana shufaa," Dhakwani akamwambia Wahbu. "Mshirika ana haki ya kuinunua kabla yako. Tumuulize kwanza."

"Na akiitaka?"

"Ataichukua. Wewe utakosa nyumba, nami nitakosa ujira."

"Kwani ni lazima ajue leo?" Wahbu alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Nafsi ilikuwa imekwisha kumpangia maneno: mwezi umekaribia, una watoto, nyamaza.

Dhakwani akajibu kwa upole, "Asipojua yeye, shekhe, tunajua sisi. Utasujudu humo miaka yote, na haki yake iko chini ya mkeka."

Wahbu akainamisha kichwa. Kisha akatangulia mwenyewe kubisha hodi, maana aliona si haki kumwachia dalali peke yake kazi ya kumkosesha yeye nyumba.

Bi Hunaida alimsikiliza mpaka mwisho, kiganja sikioni. "Nyumba mbili nizifanyie nini, mwanangu? Nilale kichwa huku, miguu kule? Nimeiacha haki yangu mbele ya dalali huyu." Akamkazia macho. "Ila ngoma ya daku siisikii siku hizi. Mwaka jana nilifunga na njaa ya jana yake. Mkeo ataniamsha?"

"Ataamsha mtaa mzima, mama. Mimi mwenyewe hunimwagia maji."

Bibi akacheka, na nyumba ikanunuliwa. Dhakwani akapewa ujira wake kamili, na Wahbu akamwongezea mkeka aliousuka kwa mkono wake.

Ndugu zangu, kuweka tawakuli si kufumba macho. Anayenunua nyumba hamwendei dalali ili afunguliwe mlango. Mlango hata mbuzi huusukuma. Humwendea mwaminifu amwambie lile ambalo yeye, kwa kuipenda nyumba, hataki kulisikia. Na dalali wa namna hiyo, ajapopoteza ujira, huipata radhi ya Mola wake. Basi Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba ambazo, tukitoka asubuhi, tunaweza kumtazama jirani usoni.