Lundo Linalofuka Moshi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe yao na mafiga yao, Bi Digidigi alikuwa na bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba. Udongo wake ulikuwa umechoka. Mwaka uliotangulia mchicha ulitoka mwembamba, wa manjano, na watoto wake watatu walilala kwa uji mtupu.

Sasa, ukoo wa Digidigi mnaujua: wote huenda haja mahali pamoja. Bi Digidigi aliikusanya samadi ile, akaifunika kwa majani ya migomba na kuigeuza kila mwezi, mwaka mzima. Ikawa nyeusi, imepoa, inanukia udongo wa msituni. Lundo hilo ndilo lilikuwa tumaini lake lote.

Kando yake palikuwa na lundo jingine, bichi, alilolizoa njiani juzi tu. Hilo lilikuwa likifuka moshi, fuu, fuu.

Siku mbili kabla ya masika ikasikika tii, tii, tii. Alikuwa jirani yake, Bwana Nyati, anavuta mkokoteni. Nguvu alikuwa nazo za kutosha, lakini subira, hata ya kungoja ugali uive, hakuwa nayo. Akasema amekuja kuchukua samadi, mwenyewe apende asipende.

Bi Digidigi alilitupia jicho lundo lake jeusi. Akawaza upesi, kisha akajitupa mbele ya lile lundo bichi na kuangua kilio.

"Chukua lile jeusi lote, Bwana Nyati, lile limeshalala. Hili linalofuka moshi niachie, nakuomba. Huoni lilivyo na nguvu?"

Nyati akatia pua. Lo, moto! Akacheka, akamwambia asimfanye mtoto. Akapakia lile bichi lote, na lile jeusi akalipiga teke akisema huo ni udongo tu. Akaenda zake akipiga mluzi.

Mvua ikanyesha. Bi Digidigi alichanganya samadi yake na udongo, akapanda, na mchicha ukatoka wa kijani, majani mapana. Watoto walikula mpaka wakasinzia na vijiko mkononi. Mama yao akakaa mlangoni, akashusha pumzi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Kwa Nyati miche yote iliungua mizizi, ikalala chini. Akaja mbio kulalamika kuwa ametapeliwa, na kuuliza samadi ile kali ilikuwa ya nani.

"Ni yako, Bwana Nyati. Niliizoa pale njiani mlipopita wewe na jamaa zako."

Bi Digidigi akamwonea huruma, akampakulia bakuli la mchicha, akamfundisha: chomeka kijiti katikati ya lundo, kichomoe, ukishike. Kikiwa moto, samadi haijaiva, itaunguza miche; ngoja. Nyati akarudi kwake polepole, safari hii bila mluzi, na kijiti mdomoni.

Basi, wanangu, mwenye nguvu asiye na subira huunguza chakula chake mwenyewe.